Nafasi ya Kujibu

Mtoto mmoja alinieleza mahali mama yake alipofungiwa, nami nikamjibu, "Nimekusikia. Vizuri sana." Sikuwa nimemsikia. Yeye alikuwa kisiwani, amechutama mbele ya redio ya betri. Mimi nilikuwa Mwanza mjini, mbele ya maiki, nikizungumza na watoto nisiowaona. Sauti yangu ilimfikia. Yake haikuwa na njia ya kunifikia. Yeye hakulijua hilo. Aliamini kwamba nimeambiwa na nimekubali, akakaa kungoja nifanye kitu.

Nimebadili mambo machache hapa ili mtoto huyo asitambulike, na kisiwa chao sitakitaja. Mengine nayaandika yalivyokuwa. Lakini ili ieleweke ni kwa vipi mtoto mwenye akili timamu anaweza kuamini jambo kama hilo, nianze na kazi yenyewe.

Sikuomba kutangaza vipindi vya watoto. Niliingia redioni kusoma matangazo ya vifo. Kituo chetu wakati huo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la zana za uvuvi, Nyamagana, na ngazi zake zilinuka nyavu mpya. Watu walipanda ngazi hizo wamejifunga kanga viunoni, wengine bado hawajalia, wakanitajia marehemu, mahali pa mazishi, na ndugu wa kujulishwa: walioko Sengerema, walioko Geita, walioko Ukerewe, na popote pale habari hizi zitakapowakuta. Nilijifunza kusoma polepole, bila kulia na bila kuonekana sijali. Mtangazaji wa kipindi cha watoto alipopata kazi Dar es Salaam, meneja aliniita ofisini kwake akasema, "Wewe wafiwa wanakuelewa. Watoto watakushinda?" Hakungoja jibu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa hewani.

Nilianza nikiitwa Dada. Miaka ikapita nikawa Shangazi, na hilo ndilo jina lililonikaa. Siku hizi nikipita Kirumba kununua samaki, wapo wanawake wanaoniambia kwamba walikua wakinisikiliza, kisha wanawageuza watoto wao waliowabeba mgongoni ili wanione: "Msalimie Bibi." Katikati ya wiki niliendelea kusoma vifo. Kwa hiyo kuna watoto waliokua wakidhani kwamba yule anayewaimbia Jumamosi ndiye anayeamua nani afe Jumatatu. Mmoja aliniuliza studioni, mbele ya wenzake, kama naweza kumsoma mwalimu wake wa hesabu.

Watoto waliokuja studioni walipewa muda wa kutuma salamu, na salamu za watoto hazina breki. "Nawasalimia baba na mama," alisema mvulana mmoja, "na wadogo zangu, na yule mama mwingine wa Buhongwa anayetupikiaga maandazi." Fundi mitambo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba wa mtoto alikuja Jumatatu, amevaa vizuri, kuuliza kwa upole kama kipindi kile huwa kinarudiwa.

Jambo lililokifanya kipindi chetu kiwe tofauti na vingine lilianzia Kirumba, nilikokuwa nimepanga chumba. Wiki moja niliugua homa, wakarusha kipindi cha zamani, nami nikakisikiliza kitandani kupitia redio ya jirani. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Nani ameamka?" Upande wa pili wa ukuta watoto wa jirani wakajibu kwa pamoja, "Mimi!" Lakini yule mimi wa redioni hakuwangoja. Alishaingia kwenye jambo jingine, na jibu lao likamezwa. Wakajaribu tena kwenye swali lililofuata, likamezwa tena. Mdogo wao akasema, "Huyu hataki tujibu," na nikasikia wakitoka nje kucheza.

Baada ya hapo nikawa naacha nafasi. Nauliza, nanyamaza kwa muda ambao mtoto anahitaji kuvuta pumzi na kusema neno lake, kisha nasema, "Nimekusikia. Vizuri sana." Fundi mitambo wetu, Msukuma mtu mzima aliyenitania tangu siku ya kwanza, hakuupenda mtindo huo.

"Kimya redioni ni msiba," alisema. "Watu watadhani umeme umekatika."

"Watoto wanajibu."

"Wanamjibu nani? Ninyi Wajita mnakula samaki mpaka mnaanza kusikia chini ya maji."

Akazoea. Wasikilizaji wakaupenda. Maswali yenyewe yalikuwa madogo: Umeoga? Umekula nini? Nani amekuudhi wiki hii? Hilo la mwisho ndilo lililopendwa kuliko yote, kwa sababu mtoto aliweza kumsema kaka yake kwa sauti mbele ya redio na hakuna aliyemkatiza. Wazazi waliniambia watoto wao wanaamini kabisa kwamba nawasikia. Tulicheka. Hakuna aliyeona sababu ya kuwaambia vinginevyo, kama vile hakuna anayemwambia mtoto kwamba jino alilolirusha juu ya bati halikuchukuliwa na mtu.

Kituo kilipoanzisha televisheni, niliwekwa kwenye benchi lililopakwa rangi, nyuma yangu ziwa la kuchorwa na kiboko anayetabasamu. Kipindi kikawa kimoja: picha inakwenda kwenye televisheni, sauti inakwenda redioni. Mjini watoto wakaanza kuamini kwamba nawaona pia. Mama mmoja wa Kirumba alinilalamikia kwamba mwanawe hakubali kuvuliwa nguo sebuleni Jumamosi asubuhi, anasema Shangazi anatazama. Visiwani, ambako umeme ulikuwa wa kubahatisha na king'amuzi ni cha mwenye duka peke yake, nilibaki sauti.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku afisa ustawi wa jamii alipopanda ngazi zetu. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mtulivu, mwenye tabia ya kumalizia sentensi zake kwa kushusha miwani. Alitaka tangazo la mtoto aliyeokotwa.

Wabebaji wa soko la samaki la Mwaloni walikuwa wakiteremsha magunia ya dagaa kutoka boti ya visiwani wakamkuta msichana mdogo, umri wa kuanza shule, ameketi katikati ya mzigo. Nahodha aliapa hakumwona akipanda. Polisi wa dawati la watoto walimpeleka kwenye makao ya watoto, na tangu afike hakuwa amesema neno. Walimjaribu kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe na Kijita.

"Ni bubu?" nikauliza.

"Daktari anasema hana tatizo. Na usingizini anaongea."

"Anasema nini?"

"Walezi hawajashika. Akiamka anakula, anaoga, anakunja nguo zake mwenyewe. Ila hasemi."

Nilimwambia nitasoma tangazo, lakini nimwone mtoto kwanza. Ni kawaida niliyoipata kwenye vifo: sisomi habari ya mtu kabla sijaonana na mtu wake, kwa sababu mara mbili tatu tulishawahi kuzika redioni watu waliokuwa hai. Tukachukua bajaji mpaka nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kigongo, yaliko makao yale.

Nilikuwa bado mlangoni, nasalimiana na mlezi wa zamu, tunaulizana habari za mvua, mtoto akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la kupewa, refu kuliko yeye, amelikunja kiunoni kwa ustadi. Akaja akasimama mbele yangu, karibu sana, akainua uso.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umechelewa," akasema.

Mlezi aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika. Nikamuuliza mtoto nimechelewa nini.

"Kuja. Nimekungoja mpaka nikachoka, nikaja mwenyewe."

"Jina lako nani?"

"Unalijua."

"Nikumbushe."

"Si kila Jumamosi nakwambia? Na unasema vizuri sana." Akatazama mkoba wangu, kisha nyuma yangu kuelekea kwenye bajaji, kama anayetafuta mtu. "Mama umeshamtoa?"

"Kumtoa wapi?"

"Pale nilipokwambia."

Alinitazama jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima anayefanya mzaha mahali pasipofaa. Afisa akapiga magoti mbele yake, akamwambia taratibu, "Ulimwambia nini Shangazi? Niambie na mimi."

"Baba alisema asiambiwe mtu."

"Mbona Shangazi ulimwambia? Shangazi si mtu?"

Mtoto alifikiri. "Shangazi yuko redioni," akasema.

Nilikaa naye kwenye kivuli cha ukuta mpaka jua likageuka. Nilimweleza kwamba redio ni kama bomba la maji: maji yanakuja kwako, huwezi kuyarudisha yalikotoka. Nikamwambia sauti yake haikuwahi kutoka nje ya nyumba yao, na kwamba ninapouliza swali siambiwi jibu, nanyamaza tu. Alisikiliza kwa adabu.

"Lakini ulijibu," akasema.

Tangu hapo alizungumza na walezi mambo ya kawaida, kuomba chumvi, kuomba sabuni, lakini kuhusu nyumbani kwao alifunga mdomo hata kwangu. Afisa na mimi tulipanga tulichokijua. Mama yake yupo mahali ambapo panahitaji mtu wa kumtoa. Baba amekataza mtu yeyote asiambiwe. Mtoto akatii: hakumwambia mtu, aliiambia redio. Sasa redio imekuja imevaa viatu na imebeba mkoba, imekuwa mtu, na mtu haruhusiwi kuambiwa.

Tangazo lilisomwa, bila jina. Siku chache baadaye baba yake alikuja. Alikuja na mwenyekiti wa kitongoji chao, wote wamevaa mashati ya kanisani, wamebeba biskuti na soda. Afisa aliniomba niwepo. Nilitegemea kuona mtu mwingine kabisa. Huyu alikuwa mpole, mwembamba, mwenye mikono iliyochanwa na kamba, na aliposikia mimi ni nani alitabasamu.

"Huyu binti ni mgonjwa wa redio yako, mama. Betri zangu zote zinaishia kwako. Nikitaka kusikiliza mpira nakuta redio imezimika."

"Hata sisi wakubwa tunasikiliza," mwenyekiti akaongeza. "Ukiuliza nani ameamka, mke wangu anajibu jikoni."

Wakacheka. Mtoto akaletwa. Hakulia, hakukimbia. Alisema, "Shikamoo baba," akapokea biskuti kwa mikono miwili, kisha akarudi ndani kuchukua nguo zake. Alipotoka alikuwa amezikunja kwenye kanga, tayari kwa safari. Mwenyekiti alimtazama afisa kwa namna ya kusema: unataka ushahidi gani tena?

Afisa alimuuliza baba aliko mama wa mtoto.

"Tuligombana. Amerudi kwao, upande wa Mara."

"Kijiji gani?"

"Walihama. Akitulia atarudi mwenyewe, ndivyo alivyo."

"Na mtoto alipandaje boti peke yake?"

"Nilikuwa ziwani," akasema, na ghafla macho yake yakalowa, na mimi niliyewatazama wafiwa nusu ya maisha yangu sikuweza kusema kama yale ni machozi ya kweli au siyo.

Afisa aliwaambia kuna taratibu za kukamilisha, warudi baada ya mwisho wa wiki. Walipoondoka alishusha miwani. Alikwisha kuzungumza na polisi: maneno "umeshamtoa mama" hayakuwatosha kuvuka ziwa. Baba amejulikana, kiongozi wake amemthibitisha, mtoto amemsalimia na kufunga mzigo. "Nikimzuia bila sababu nitaitwa kujieleza," alisema. "Nahitaji aseme. Asiposema, Jumatatu anaondoka na huyu."

Nilimwambia mtoto yule ana mahali pamoja tu anapoweza kusemea. Alinielewa kabla sijamaliza.

Jumamosi ile waliiweka redio kwenye chumba cha kushonea, juu ya cherehani, wakamwambia mtoto anaweza kusikiliza peke yake. Afisa na mlezi walikaa nyuma ya mlango. Mimi studioni nilimwomba fundi mitambo aniachie nafasi ndefu kuliko zote tulizowahi kuacha, na asiweke muziki chini yake. Nilimweleza kwa nini. Hakunitania. Alisema tu, "Meneja akija nitafunga mlango kwa ndani."

Kilichonisumbua ni swali lenyewe. Lilipaswa kumfikia mmoja bila kuwaogofya wengine wote. Sikuweza kuuliza nani anafanya nini nyumbani kwenu. Nilianza kipindi kama kawaida, nani ameamka, nani ameoga, tukaimba, msichana mmoja wa shule ya jirani akasoma shairi la mbuzi. Kisha nikasogea kwenye maiki.

"Shangazi ameanza kuzeeka," nikasema. "Mnamwambia mambo, anasema amesikia, halafu anasahau. Leo nakuomba wewe uliyewahi kuniambia jambo kubwa, uniambie tena tangu mwanzo. Mimi niko huku redioni. Hapa hakuna mtu. Sema."

Nikanyamaza.

Kwenye televisheni, niliambiwa baadaye, nilionekana nimekaa tu, na kiboko anatabasamu nyuma yangu. Meneja alikuja mpaka kwenye kioo akafungua mikono. Fundi hakugeuka. Watoto waliokuwa studioni, ambao walizoea kupiga kelele za kujibu, nao walitazamana tu. Nilijua kwamba mahali fulani, mbali na yule mmoja, kulikuwa na watoto wengine mbele ya redio zao wakiniambia mambo ambayo hakuna aliyekaa nyuma ya mlango kuyasikia. Nafasi ilipokwisha sikuweza kusema nimekusikia. Nilisema, "Asante," na fundi akaweka wimbo.

Afisa alipiga simu kabla sijavua vipokea sauti.

"Ameongea," alisema. "Aliisogelea redio mpaka midomo ikagusa. Sikupata yote, ananong'ona, na anachanganya na kilugha. Mama yuko nyumba ya nyavu. Baba anapitisha chakula chini ya mlango." Nilimsikia akifunua karatasi. "Anasema siku aliyopanda boti mama hakuchukua sahani. Sahani ilikaa mpaka kuku wakakila kile chakula."

Mlezi, ambaye ni Mkerewe, alimsaidia kupata yaliyobaki. Mtoto aliwahi kumsikia mama akigonga ukuta, baadaye hakugonga tena. Alishaniambia hayo Jumamosi baada ya Jumamosi, nilipouliza nani amekuudhi. Mara ya mwisho aliniambia nije haraka.

Hayo yaliwatosha polisi. Walivuka na boti siku iliyofuata, afisa akiwa nao, na niliyoandika kuanzia hapa ni yale aliyonisimulia aliporudi, miguu yake imejaa matope mpaka magotini.

Nyumba ya nyavu ipo. Ni banda la mabati nyuma ya nyumba ya yule baba, halina dirisha, mlango wake umeinuka kidogo kutoka ardhini. Lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na nyavu za dagaa, maboya, mkeka, na kanga moja ya kike iliyofuliwa na kukunjwa. Kwenye ukuta mmoja bati lilikuwa limebonyea. Kufuli kubwa lilining'inia mlangoni, kwa upande wa nje.

Baba hakubishana. Alisema kufuli ni kwa sababu ya wezi, na hilo kila mtu kisiwani alilithibitisha, maana nyavu huibwa usiku na mchana. Mkeka ni wa kibarua anayelinda. Kibarua amehamia kambi nyingine. Kanga ni ya mke wake, aliiacha alipoondoka. Bati lilibonyezwa na mashua walipokuwa wakiivuta. Kila jibu lilikuwa na mahali pa kukaa. Polisi walichimba sehemu mbili ambazo udongo wake ulionekana mpya, wakakuta katika moja mihogo iliyofukiwa isiharibike, na katika nyingine mzoga wa mbwa.

Majirani walisema mambo yasiyolingana. Mmoja alimwona mama akipanda mtumbwi asubuhi, na mzigo kichwani. Mwingine alisema mama huyo alikuwa amechanganyikiwa akili, akawa anatoka usiku na kuingia majini, na mumewe akamfungia ili asife, kisha akampeleka kwa mganga ng'ambo. Wa tatu, mwanamke mzee anayeanika dagaa jirani kabisa na lile banda, alimwambia afisa, "Mwanangu, mimi nina nyumba yangu na mwenzangu ana yake," akaendelea kugeuza dagaa.

Yule baba alipoulizwa kuhusu mganga alibadili maelezo yake kwa mara ya kwanza. Alisema ndiyo, mke wake aliugua, na alikuwa akimwonea aibu. Mganga gani? Hakumjua jina, alielekezwa na watu. Ndugu wa mama huko Mara walipatikana kwa simu. Hawakuwa wamehama. Hawakuwa wamemwona binti yao tangu alipoolewa visiwani.

Baba alishikwa, akahojiwa, akaachiwa. Hakuna mtu aliyelalamika, hakuna mwili, na shahidi ni mtoto aliyesimulia mbele ya redio. Nilimuuliza afisa kama mtoto anaweza kuulizwa tena rasmi. Walimjaribu, kwenye chumba kizuri chenye midoli. Alimwambia askari aliyemhoji, kwa adabu ileile, kwamba askari naye ni mtu.

Meneja hakunifukuza. Aliniambia wafadhili wa kipindi wanauliza kile kimya kilikuwa cha nini, nami nikamwambia hitilafu ya mitambo, na fundi akakubali kosa ambalo si lake. Naendelea na kipindi. Nafasi bado naiacha, kwa sababu nikiiondoa nitakuwa nimemfungia mlango mtu nisiyemjua, lakini lile neno la kwamba nimesikia nimeliacha, na sijapata la kuweka badala yake. Siku za Jumamosi baada ya kipindi napanda bajaji kwenda makao. Mtoto ameanza shule. Anasoma vizuri. Huwa haniulizi habari za mama yake nikiwa pale, na walezi wananiambia kwamba bado anaingia chumba cha kushonea asubuhi wakati wa kipindi na kuvuta mlango.

Wiki tatu zilizopita simu ya studio iliita mchana, nikiwa peke yangu napitia matangazo ya vifo ya kesho yake. Nilisikia upepo na mtambo wa boti.

"Yule mtoto wa Mwaloni," sauti ya kike ikasema. "Anakula?"

"Anakula," nikasema. "Wewe ni nani wake?"

Akapumua. Nilimsikia akipumua. Nikanyamaza, nikamwachia muda, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua, kisha simu ikakatika.

Namba ile ni ya kibanda cha kuchajia simu kwenye mwalo mmoja wa wavuvi ng'ambo ya pili, mbali na kisiwa chao. Mwenye kibanda alimwambia polisi kwamba wanawake wengi wanaazima simu pale na yeye hawaulizi majina. Afisa alinikumbusha kwamba tangu tangazo lile lisomwe, watu wa kila namna wamepiga kuuliza habari za mtoto, wengine kwa huruma tu, na kwamba mwanamke anayeuliza kama mtoto anakula anaweza kuwa mama yeyote duniani. Ni kweli. Lakini wengine wote walitaja majina yao.

Baba ameomba tena kukabidhiwa mwanawe. Amekuja na mwenyekiti, na safari hii na mchungaji, na ameshabomoa lile banda. Afisa amepewa mpaka mwisho wa mwezi. Akipatikana mama, au akipatikana mtu wa kusema aliko, mtoto atabaki. Asipopatikana, mtoto atarudi kisiwani. Mwanamke yule hajapiga tena, na namba ya kibandani, ninapoijaribu, inaita bila kupokelewa.